GetOpenFilename, FileDialog au folda nzima? Njia za kumwachia mtumiaji achague mafaili mengi kwenye makro ya Excel

Kila tarehe 3 ya mwezi huwa nasubiri mafaili 14, moja kutoka kila tawi: Kilosa, Gairo, Mvomero, Ifakara, Mahenge na wenzao. Kuna mwezi tawi moja limechelewa. Kuna mwezi tawi jingine limetuma marekebisho baada ya kutuma la kwanza. Na kuna siku nahitaji matawi matatu tu, kwa sababu bosi ameuliza habari za upande mmoja wa mkoa. Kufungua faili, kunakili, kubandika, kufunga, halafu kurudia mara 14 ni kazi ya asubuhi nzima, na ukifika la kumi na moja macho yamechoka. Hapo ndipo mtu anabandika Gairo mara mbili na Malinyi inasahaulika.

Makro ya VBA, lugha ya kuandikia makro ndani ya Excel, huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini kabla haijaanza lazima ijue ni mafaili gani, na jinsi unavyomuuliza mtumiaji ndivyo atakavyoipenda makro yako au atakavyoikimbia.

Njia ninazozijua vizuri ni nne. Mbili zinafungua dirisha la kuchagulia: `Application.GetOpenFilename` na `Application.FileDialog`. Ya tatu inachukua folda nzima bila kuuliza faili lipi. Ya nne ni Power Query, zana ya Excel ya kukusanya data, isiyohitaji makro kabisa. Msimamo wangu nausema mapema: ukiandika makro itakayotumiwa na mtu mwingine, anza na FileDialog. Zilizobaki zina mahali pake, na mahali penyewe napaeleza.

## GetOpenFilename: fupi, ila ina miiba

Hii ndiyo kongwe, na ndiyo fupi kuliko zote. Jina lake linadanganya kidogo, maana haifungui faili lolote. Inakurudishia tu njia kamili ya faili kwa maandishi, kama `D:\Ripoti\Kilosa.xlsx`, kulifungua ni kazi yako.

```vba
Sub KusanyaKwaGetOpenFilename()
    Dim chaguo As Variant
    Dim i As Long

    chaguo = Application.GetOpenFilename( _
        FileFilter:="Ripoti za Excel,*.xlsx;*.xlsm,Faili za CSV,*.csv", _
        Title:="Chagua ripoti za matawi", _
        MultiSelect:=True)

    If Not IsArray(chaguo) Then Exit Sub

    For i = LBound(chaguo) To UBound(chaguo)
        ShughulikiaFaili CStr(chaguo(i))
    Next i
End Sub
```

`ShughulikiaFaili` ni sehemu inayofungua kila faili, utaiona huko chini. Kila kitu kinasimama kwenye `MultiSelect:=True`. Usipoiweka, mtumiaji anaweza kushikilia Ctrl mpaka kidole kiume, dirisha litampa faili moja tu.

Mwiba wa kwanza ni kile kinachorudi. Bila MultiSelect unarudishiwa maandishi. Ukiwasha MultiSelect unarudishiwa orodha, hata kama mtu amechagua faili moja. Akighairi, unarudishiwa `False`. Hivi ni vitu vya aina tofauti kabisa, na vyote vinaingia kwenye kigeu kilekile. Ndiyo maana lazima kiwe `Variant`, yaani kigeu kinachopokea thamani ya aina yoyote.

Makro nyingi zinazozunguka zina mstari huu: `If chaguo = False Then Exit Sub`. Kwa faili moja unafaa. Kwa mafaili mengi ni hatari, na ubaya wake ni kwamba haujitokezi unapojaribu. Mwandishi anaendesha makro, anabonyeza Ghairi, inatoka kwa adabu, naye anaridhika. Siku mtumiaji anachagua mafaili kweli, VBA inalinganisha orodha nzima na neno moja `False`, inashindwa, na hitilafu namba 13 inajitokeza mbele ya mtu asiyejua la kufanya. Ukikitangaza kigeu kuwa `String`, yaani cha maandishi tu, unapata balaa pande zote mbili: akichagua, hitilafu ileile, akighairi, makro inakwenda kutafuta faili linaloitwa "False". Tumia `IsArray`, inayouliza kama kilichorudi ni orodha, uondokane na hayo yote.

Tena orodha hiyo inahesabu kuanzia 1, wala si 0. Aliyezoea kuanzia sifuri atakwama kabla hata faili la kwanza halijafunguliwa. `LBound` na `UBound`, zinazotaja namba ya kwanza na ya mwisho ya orodha, zinakuondolea haja ya kukumbuka.

Mwiba wa pili ulinisumbua zaidi: huwezi kuiambia dirisha lifunguke kwenye folda gani. Nafasi ya kuandika hivyo haipo. Inabidi utangulize `ChDrive` na `ChDir`, yaani uihamishe Excel yenyewe kwanza. Kwenye diski ya kompyuta yako hakuna shida. Lakini ofisi nyingi ripoti zinakaa kwenye seva, kwa njia inayoanza na `\\`, na `ChDrive` inataka herufi ya diski; njia hiyo haina herufi. Kwenye OneDrive ni vilevile: `ThisWorkbook.Path` inaweza kukupa anwani inayoanza na `https`, na `ChDir` haitambui folda ya namna hiyo. Matokeo yake mtumiaji anafunguliwa Documents kila siku, na kila siku anabofya folda tano kufika kwenye ripoti. Mtu akifanya hivyo wiki nzima, ujue makro hiyo ataiacha.

Kichujio nacho kinataka uangalifu. Maelezo na aina za faili vinatenganishwa kwa mkato, na aina mbili za kundi moja kwa nukta mkato. Ukiandika mkato ndani ya maelezo, kama "Ripoti, za Excel", umeharibu mpangilio wote.

## FileDialog: mistari mingi, usumbufu kidogo

```vba
Sub KusanyaKwaFileDialog()
    Dim dirisha As FileDialog
    Dim faili As Variant

    Set dirisha = Application.FileDialog(msoFileDialogFilePicker)

    With dirisha
        .Title = "Shikilia Ctrl kuchagua zaidi ya moja"
        .AllowMultiSelect = True
        .InitialFileName = "D:\Ripoti\"
        .Filters.Clear
        .Filters.Add "Ripoti za Excel", "*.xlsx; *.xlsm"
        .Filters.Add "Faili za CSV", "*.csv"

        If .Show <> -1 Then Exit Sub

        For Each faili In .SelectedItems
            ShughulikiaFaili CStr(faili)
        Next faili
    End With
End Sub
```

Angalia jinsi swali la kughairi lilivyotengana na swali la kuchagua. `.Show` inajibu -1 mtumiaji akikubali na 0 akighairi, basi. Alichochagua kinakaa kwenye `.SelectedItems`, liwe faili moja au 30, na unakipitia kwa namna ileile. Hakuna kubahatisha kilichorudi ni cha aina gani.

Folda ya kuanzia ina mstari wake, `.InitialFileName`, na njia ya seva inapokelewa bila ugomvi. Usisahau mkwaju wa mwisho: ukiandika `D:\Ripoti` bila `\`, dirisha litadhani "Ripoti" ni jina la faili na litafunguka kwenye `D:\`.

Tabia moja ya FileDialog lazima uijue. Excel inatunza dirisha moja tu kwa kila aina, na mipangilio uliyoiweka inabaki mpaka Excel ifungwe. Bila `.Filters.Clear` vichujio vinaongezeka kila makro inapoendeshwa. Kadhalika, makro nyingine ikiacha `AllowMultiSelect` kuwa `False`, yako itairithi. Kwa hiyo iandike wazi kila mara, hata kama unaamini tayari iko hivyo. Na kama ndani ya mzunguko wako kuna sehemu inayofungua tena dirisha la aina hiyohiyo, nakili kwanza majina yote kwenye `Collection` yako, kwa sababu dirisha ni lilelile na chaguo jipya linafuta la zamani.

Jambo la mwisho ni wigo wake. GetOpenFilename ni ya Excel peke yake. FileDialog unaikuta pia Word na PowerPoint, na hata Access, japo Access haina ile aina ya kufungulia faili moja kwa moja. Kesho ukiambiwa uunganishe barua za Word, maarifa haya unakwenda nayo.

| Unachotaka kujua | GetOpenFilename | FileDialog |
|---|---|---|
| Kuwasha uchaguzi wa mafaili mengi | `MultiSelect:=True` | `.AllowMultiSelect = True` |
| Mtumiaji akighairi | inarudi `False` | `.Show` inarudi 0 |
| Folda ya kuanzia | `ChDrive` na `ChDir` | `.InitialFileName` |
| Njia ya seva yenye `\\` | inasumbua | inakubali |
| Mipangilio ya awali | haibaki | inabaki hadi Excel ifungwe |
| Kwenye Mac | inafanya kazi, ila kichujio cha Windows hakifai | usiitegemee |

Mstari wa Mac ndio pekee unaoweza kunirudisha kwenye GetOpenFilename katika makro ya watu wengi. Kama ofisini kuna hata Mac moja, ijaribu makro hapo kabla hujaahidi chochote. Mahali pengine ninapoitumia ni makro ya mistari kumi ninayojiandikia mwenyewe, ya kutumia leo na kuitupa kesho. Hapo ufupi una thamani.

## Ambacho madirisha yote mawili hayatakuambia

Msimbo wangu wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa, na bado haukusaidia. Mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima anayekijua kitabu cha hesabu kuliko sisi wote, aliniita: "Mwanangu, mbona hii yako inachukua moja tu?" Alikuwa anachagua faili moja, anasubiri, anaendesha makro upya, anachagua la pili. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ukishikilia Ctrl unaokota moja moja, ukishikilia Shift unachukua kutoka hapa hadi pale, na Ctrl+A unachukua yote. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile kichwa cha dirisha langu hakisemi "Chagua mafaili". Kinasema "Shikilia Ctrl kuchagua zaidi ya moja", kama ulivyoona hapo juu. Mstari huo mmoja umeniokolea maelezo mengi kuliko mwongozo wa kurasa sita niliouandika.

Madirisha yote mawili huchagua ndani ya folda moja kwa mpigo. Kama kila tawi lina folda yake, mtumiaji hawezi kuokota Kilosa huku na Gairo kule kwa mara moja. Itabidi makro imuulize kama anataka kuongeza, kisha ifungue dirisha tena.

Mpangilio wa majina nao usiutegemee. Mara nyingine faili lililobofywa mwisho ndilo linalotangulia kwenye orodha. Mimi siupangi upya. Naandika jina la faili kwenye safuwima ya kwanza ya kila mstari unaonakiliwa. Hivyo hata mwezi ujao mtu akiuliza takwimu hii imetoka wapi, jibu liko palepale.

Kisha kuna kufungua kwenyewe:

```vba
Private Sub ShughulikiaFaili(ByVal njia As String)
    Dim kitabu As Workbook
    Set kitabu = Workbooks.Open(Filename:=njia, _
        UpdateLinks:=0, ReadOnly:=True, Local:=True)
    ' nakili data hapa
    kitabu.Close SaveChanges:=False
End Sub
```

`ReadOnly` inalinda ripoti ya tawi isiguswe. `UpdateLinks:=0` inazuia lile swali la viungo lisitokee mara 14. Na `Local:=True` naomba usiiondoe kama unapokea CSV: bila hiyo, VBA inasoma tarehe kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 03/04 ya kwetu, yaani 3 Aprili, inageuka kuwa 4 Machi, na hakuna hitilafu yoyote inayojitokeza. Takwimu zinahama mwezi kimyakimya. Hakikisha tu mipangilio ya mahali kwenye kompyuta yenyewe iko sawa, kwa sababu `Local` inafuata hiyo.

Kumbuka pia kwamba Excel haikubali vitabu viwili vyenye jina moja kuwa wazi kwa pamoja, hata vikitoka folda tofauti. Mtumiaji akiwa na "Ripoti.xlsx" yake wazi, na kwenye chaguo lake mna "Ripoti.xlsx" nyingine, makro itasimama. Wahimize matawi waweke jina la tawi na mwezi kwenye jina la faili.

## Folda nzima

Hapa unatumia `msoFileDialogFolderPicker`, mtu anachagua folda moja, na `Dir` inapita faili moja baada ya jingine. Mtumiaji anabofya mara moja na kazi imekwisha. Kama kanuni yenu ni "kila kilichomo humu kinahesabiwa", hakuna njia bora kuliko hii.

Shida ni kwamba folda za kweli si safi. Faili limepakuliwa mara mbili kutoka WhatsApp, sasa kuna "Gairo.xlsx" na "Gairo (1).xlsx", na makro inazijumlisha zote. Mtu mwenye macho angeiona hiyo (1) kwenye dirisha la kuchagulia. Makro haina macho hayo. Kwa hiyo mimi hutumia folda nzima pale tu ambapo mafaili yanaingizwa na mfumo. Yanapoingizwa na watu, nataka mtu ayachague.

Ukiichagua, angalia mambo mawili. `Dir` yenye `*.xls` kwa kawaida hunasa na `.xlsx`, kwa hiyo usidhani umetenga ya zamani. Na ukitumia FileSystemObject, njia nyingine ya VBA ya kupitia mafaili ya folda, badala ya `Dir`, utakutana na mafaili yaliyofichwa yanayoanza na `~$`, ambayo Excel huyatengeneza mtu anapokuwa amefungua kitabu, yaruke. Kitabu cha majumuisho nacho usikiweke kwenye folda hiyohiyo.

## Power Query

Ipo ndani ya Excel tangu toleo la 2016. Kwa 2010 na 2013 ilikuwa nyongeza ya kupakua. Unaielekeza kwenye folda, inaunganisha mafaili yote, na mwezi ujao unabonyeza kuhuisha tu. Inataka nidhamu: majina ya safuwima yafanane na shiti ziwe na jina moja. Tawi likibadili "Kiasi" kuwa "Kiasi TZS", safuwima hiyo inapotea au inakwama. Kumpa mtumiaji nafasi ya kuokota matatu kati ya 14 inawezekana kwa kuchuja jina, lakini si raha ya kuchagua kwa mkono.

Ninaipendekeza kwa dhati mahali makro zinapozuiwa. Tangu 2022 Microsoft inazuia kwa chaguo-msingi makro zilizomo kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, pamoja na viambatisho vya barua pepe. Ukituma `.xlsm` yako kwa matawi, wengi wataona utepe mwekundu na watakupigia simu. Dawa ni kubofya kulia kwenye faili, kuingia Properties na kuweka tiki kwenye Unblock, lakini kuwafundisha watu 14 jambo hilo kwa simu ni kazi, na si kila kitengo cha TEHAMA kitakuruhusu.

Walio kwenye LibreOffice Calc wana dirisha lao: `com.sun.star.ui.dialogs.FilePicker`, unaliwasha kwa `setMultiSelectionMode(True)`. Majina yanarudi kama anwani zinazoanza na `file:///`, nawe unayageuza kwa `ConvertFromURL`. Msimbo wa FileDialog usijaribu kuuhamishia huko kama ulivyo.

## Mstari mmoja wa kuongeza

Ukishachagua FileDialog, weka hii mara tu baada ya `.Show`:

```vba
If MsgBox("Umechagua mafaili " & .SelectedItems.Count & _
    ". Niendelee?", vbYesNo) = vbNo Then Exit Sub
```

Mwezi uliopita mama yule wa uhasibu alichagua yote kwa Shift, akaambiwa amechagua 13. Akabonyeza kukataa, akafungua folda na kuhesabu kwa kidole kwenye kioo. Malinyi walikuwa hawajatuma. Akawapigia simu kabla hata hajaniita.